Plumeria: kuotesha tawi, kuutunza mti na kuupata uchanue

Plumeria, ambayo wengi huiita frangipani, ni mti mdogo wa mapambo wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Matawi yake ni manene na yamejaa utomvu mweupe, na ndani yake mti huweka akiba ya maji na chakula cha kuuvusha msimu wa ukavu. Ukilielewa hilo, utunzaji wake wote unakuwa rahisi. Tawi lililokatwa linaweza kukaa kivulini wiki kadhaa bila tone la maji na bado likaota. Tawi hilohilo likipandwa siku ileile lilipokatwa, likamwagiliwa kila asubuhi, litaoza. Plumeria nyingi zinazofia mikononi mwa watu huuawa na maji, si na kiu.

Kuna aina tatu ambazo utazikuta mara nyingi. Plumeria rubra ina majani marefu yenye ncha kali, nayo hupukutika yote msimu wa ukavu au wa baridi. Maua yake ndiyo yenye rangi nyingi: mekundu, ya waridi, ya manjano, meupe yenye kitovu cha manjano, na michanganyiko yake. Plumeria obtusa ina jani jeusi-kijani, linalong'aa, lenye ncha butu; maua yake ni meupe, na mahali pasipo na baridi hubaki na majani karibu mwaka mzima. Plumeria pudica ina jani lililopanuka kuelekea ncha, matawi membamba yaliyosimama wima, na maua meupe mengi sana, ila harufu yake ni hafifu mno. Kwa anayetaka harufu, rubra na obtusa ndizo za kuchukua. Harufu huzidi usiku, kwa kuwa maua haya huwanasa nondo wakubwa wa usiku wanaokuja kutafuta asali ambayo ua halina.

Kabla ya kushika kisu, vaa glovu. Utomvu wa plumeria huwasha ngozi ya watu wengine, huumiza macho vibaya, na ukidondokea nguo doa lake halitoki kirahisi. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 na umwone daktari. Watoto na mifugo wasiachwe kutafuna majani wala matawi.

Kukata na kukausha tawi

Wakati mzuri wa kukata ni mwishoni mwa ukavu au baridi, mti ukiwa hauna majani au ndiyo kwanza unachomoza vichipukizi. Wakati huo akiba yote imo ndani ya tawi, na joto linalokuja litasukuma mizizi.

Chagua tawi lililokomaa. Gome lake liwe limegeuka kijivu, unene wake usipungue kidole gumba, na urefu uwe sentimita 30 hadi 45. Ncha ya kijani ya msimu huu, iliyo laini ukiibonyeza, ina maji mengi kuliko sehemu iliyokomaa, na hiyo huoza upesi. Tawi refu kupita kiasi nalo lina tabu yake: huyumba kwa upepo kabla halijashika, na kila likiyumba linakatika mizizi michanga.

1. Futa kisu au mkasi wa kupogolea kwa spiriti. Kata mkato mmoja safi bila kupondaponda.

2. Ondoa majani yote, pamoja na maua na matumba. Usiyang'oe majani kwa kuyavuta. Yakate na uache kikonyo cha sentimita moja au mbili, kitajidondokea chenyewe. Majani yakiachwa hunyonya maji ya tawi ambalo halina mizizi ya kuyarudisha.

3. Chovya sehemu iliyokatwa kwenye maji hadi utomvu uache kutiririka, kisha ipanguse.

4. Laza au simamisha tawi mahali pakavu, penye kivuli na hewa inayopita, kwa siku 7 hadi 14. Tawi nene linahitaji muda zaidi. Liko tayari pale sehemu ya mkato imekauka, imeingia ndani kidogo na kufanya kigaga kigumu. Ukiligusa kwa kucha halitoi unyevu wowote.

Hatua ya nne ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua. Mkato mbichi ni mlango wa vimelea vya ukungu vilivyo kwenye udongo wowote wenye unyevu. Tawi likinywea kidogo na gome kufanya mikunjo wakati wa kukauka, usiogope. Maadamu ni gumu ukilibonyeza, lina uhai.

Usichanganye juu na chini. Ncha yenye makovu ya majani yaliyosongamana ndiyo juu. Kama unakata matawi mengi, yatie alama ya wino upande wa chini mara tu unapokata, hasa vipande vya katikati visivyo na ncha.

Kupanda tawi

Chungu cha kuanzia kisizidi lita nne au tano. Kikubwa zaidi ya hapo hubaki na udongo mbichi ambao tawi lisilo na mizizi haliwezi kuumaliza unyevu wake. Matundu ya chini yawe kadhaa, na yasizibwe. Tabaka la kokoto chini ya chungu halisaidii kama wengi wanavyodhani: maji hukwama kwenye udongo juu ya kokoto badala ya kushuka. Bora kokoto zenyewe zichanganywe na udongo.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za kitu cha chembe kubwa kisichoshika maji, kama mchanga wa mtoni ulio mkubwa, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) au kokoto ndogo za milimita tatu hadi tano, na sehemu moja ya mboji iliyokwisha kuoza au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Mchanga laini wa kupiga lipu haufai, kwani hujaza nafasi zote za hewa. Jaribu mchanganyiko wako hivi: jaza chungu, mwaga lita moja ya maji, na utazame. Maji yapaswa kuanza kutoka chini ndani ya sekunde chache. Yakisimama juu na kufanya kidimbwi, ongeza chembe kubwa.

Zika tawi sentimita 8 hadi 10, shindilia kwa vidole, kisha lifunge kwenye kijiti kwa kamba laini sehemu mbili. Kulifunga si pambo. Mizizi ya kwanza ya plumeria ni myeupe na minene, inavunjika kwa mguso, na tawi linalocheza halishiki kamwe.

Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, halafu acha. Weka chungu mahali penye joto na mwanga mwingi, jua la asubuhi likitosha kwa wiki za mwanzo. Mizizi huota vizuri zaidi udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi, kwa hiyo chungu kilichowekwa juu ya sakafu ya saruji inayopigwa jua hushika upesi kuliko kilicho kwenye nyasi. Baada ya wiki mbili au tatu, kama hewa ni kavu na joto kali, mpe glasi moja ya maji, si zaidi. Mvua za mfululizo zikija, sogeza chungu chini ya paa.

Sasa vumilia. Mizizi ya maana huchukua wiki 6 hadi 8, pengine zaidi. Majani mawili matatu ya mwanzo yasikudanganye, kwa sababu yanaweza kutoka kwa akiba ya tawi pekee huku chini hakuna kitu. Dalili ya kuaminika ni majani matano au sita yanayozidi kutanuka na kukaa imara mchana wa jua. Hapo ndipo ratiba ya kumwagilia inaanza. Usivute tawi kujaribu kama limeshika. Likitoa shada la maua kabla ya majani, vunja shada hilo likiwa changa, maana linakula akiba ileile iliyokusudiwa kwa mizizi.

Tawi likianza kulegea, bonyeza sehemu iliyo usawa wa udongo. Ikibonyea kama tunda lililoiva, uozo umeanza. Ling'oe na ulikate vipande vyembamba kutoka chini kwenda juu, ukifuta kisu kwa spiriti baada ya kila mkato. Tazama uso wa kila mkato: tawi lenye afya ni jeupe au la krimu toka ukingoni hadi kwenye kiini, na maziwa hutoka duara zima chini ya gome. Tawi lililoingiliwa lina doa la kahawia, mara nyingi katikati kabisa, na upande wa doa hautoi maziwa. Endelea kukata hadi uone mkato mweupe usio na doa hata dogo kama ncha ya kalamu, kisha ongeza sentimita mbili. Kilichobaki kikiwa na sentimita 15 au zaidi, kikaushe upya wiki mbili na ukipande kwenye udongo mpya.

Kuhamishia ardhini

Mti huu hauna mizizi ya kuvunja misingi, lakini matawi yake hukatika upesi, kwa hiyo usiuweke pembeni mwa njia inayopitwa na mizigo wala mahali penye upepo wa kukaza. Uwe mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukutani. Rubra iliyoachwa hufikia mita saba au nane na kutanuka karibu vivyo hivyo.

Jua lisipungue saa sita kwa siku; nane ni bora. Mti wa kivulini hukua, hupendeza kwa majani, na hauchanui. Udongo upitishe maji, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iwe kati ya 6 na 7 hivi. Kupima upitishaji, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, na pima kina baada ya saa moja. Maji yakiwa hayajashuka hata sentimita mbili na nusu, usipande hapo chini. Jenga tuta la sentimita 30 hadi 40 kwenda juu, lenye upana wa mita moja, na upande juu yake. Kuchimba shimo refu kwenye mfinyanzi na kulijaza mboji tamu ni kutengeneza beseni: mvua yote ya jirani itakusanyika humo, na mizizi ndiyo itakayooga.

Shimo liwe na upana mara mbili ya donge la mizizi na kina sawa nalo. Mti ukae usawa uleule uliokuwa kwenye chungu. Tandaza matandazo ya sentimita tano, lakini yaachie shina nafasi ya kiganja kizima pande zote.

Maji na mbolea

Kanuni ni kumwagilia kwa wingi, kisha kuacha pakauke. Kwa chungu, ingiza kidole sentimita tano. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Mti mchanga wa ardhini unatosheka na ndoo ya lita 20 kwa wiki, mbili joto likizidi. Mti uliokwisha kushika, baada ya mwaka mmoja au miwili, mahali penye mvua za wastani hautakuhitaji sana.

Majani yanapoanza kupukutika kwa sababu ya ukavu au baridi, mti unalala. Punguza maji, na yakiisha kudondoka yote, acha kabisa kwa mti wa ardhini. Wa chungu mpe glasi moja au mbili kila wiki tatu au nne ili mizizi midogo isife. Usitie mbolea. Watu wengi hapa huona mti umebaki fimbo tupu, wakadhani unakufa, wakaongeza maji, na ndiyo yanayouua kweli. Joto likishuka chini ya nyuzi 10, ingiza vyungu ndani. Barafu ya usiku mmoja huzifanya ncha ziwe nyeusi na laini.

Mbolea huanza majani mapya yanapofikia urefu wa kidole na kukoma wiki sita hadi nane kabla ya msimu wa kulala. Samadi iliyooza sawasawa, tabaka la sentimita mbili tatu mara mbili kwa msimu, inatosha kwa mti wa ardhini. Wa chungu unafaa mbolea ya viwandani iliyolingana, yaani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, ya kuyeyuka polepole, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko au pungufu kidogo. Naitrojeni ikizidi, matawi hurefuka, huwa laini, majani hujaa na maua huadimika. Zipo pia mbolea zenye fosforasi nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kuleta maua. Si za kuzikimbilia: fosforasi ikilimbikizana huuzuia mti kuchukua chuma na zinki, na utaona majani machanga yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Manjano hayo yakitokea kwenye majani ya zamani, katikati ya mishipa, mara nyingi ni upungufu wa magnesi, na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) katika lita nne za maji, mara moja kwa mwezi, hurekebisha.

Kupogoa bila kupoteza maua

Maua ya plumeria hutoka kwenye ncha ya tawi, si ubavuni. Shada likimaliza, chini yake huchipuka matawi mapya mawili au matatu, na kila moja huja kubeba ncha yake. Ndiyo maana mti unaochanua sana huwa na matawi mengi wenyewe, na ule usiochanua hubaki mlingoti mmoja.

Kwa hiyo kila ncha unayoikata ni shada ulilolitoa. Tawi lililopogolewa huchukua kwa kawaida msimu mzima kukomaza ncha mpya. Pogoa mwishoni mwa kulala, kabla ya majani, na usiguse zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa mwaka. Anza na yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea ndani. Mti uliorefuka bila matawi ukatwe kwa ujasiri pale unapotaka ugawanyike. Chini ya mkato patatoka vichipukizi viwili hadi vitano, nawe utaacha vitatu vilivyoelekea pande tofauti. Mkato uinamishwe kidogo ili maji yasitulie juu. Hauhitaji rangi wala lami, utomvu utaganda na kuuziba.

Fanya kazi hii siku kavu, na matawi uliyoyatoa usiyatupe. Ni miche.

Magonjwa na wadudu

Kutu ndiyo utakayokutana nayo kwanza. Chini ya jani hutokea unga wa rangi ya chungwa katika vipele vidogo, na juu madoa ya manjano. Baadaye jani hukunjamana na kudondoka. Huletwa na kimelea cha ukungu kinachoitwa Coleosporium plumeriae, na hushamiri unyevu ukikaa kwenye majani. Hauui mti, ila huuvua majani mapema. Okota majani yote yaliyodondoka na uyachome au uyafukie mbali. Mwagilia chini, usinyeshee majani, na panua nafasi ya hewa. Dawa ya ukungu yenye shaba au salfa hufanya kazi kama kinga: ipulizwe dalili za kwanza zinapoonekana, upande wa chini wa jani, kwani jani lililokwisha kufunikwa halitapona.

Ncha nyeusi, iliyonywea na kukauka, hutokea zaidi baada ya baridi yenye unyevu. Kata chini yake hadi kwenye mkato mweupe kama ilivyoelezwa kwa tawi lililooza. Ukiiacha, uozo hushuka.

Majani yenye vitone vidogo vya rangi iliyofifia, na utando mwembamba chini yake msimu wa joto kavu, ni kazi ya utitiri. Maji ya kasi upande wa chini wa majani kila siku mbili kwa wiki moja huwapunguza sana. Pulizia asubuhi ili majani yakauke. Vidugamba (wadudu wadogo wanaoganda kwenye mti kama magamba) na inzi weupe hutoa majimaji matamu, na juu yake huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Masizi hayo si ugonjwa wa kutibiwa; ondoa wadudu nayo yataisha. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji, au mafuta ya mwarobaini kwa kipimo cha chupa, yapulizwe jioni na yarudiwe baada ya siku saba. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wafuate, watakuonyesha walipo vidugamba.

Mti wenye afya usiochanua, angalia kwa mpangilio huu: jua, kisha naitrojeni, kisha kama ncha zilikatwa mwaka huu, kisha umri. Tawi huchanua baada ya mwaka mmoja au miwili. Mche wa mbegu huchukua takriban mitatu, wakati mwingine zaidi, na maua yake hayalazimiki kufanana na ya mama.

Vyungu na mbegu

Mti wa chungu uhamishwe kila miaka miwili, mwanzoni mwa majani mapya, kwenda kwenye chungu kilichozidi kipenyo kwa sentimita tano tu. Mizizi inayozunguka ukingoni ikate kwa kisu sehemu tatu nne, kisha subiri siku mbili tatu kabla ya kumwagilia.

Anayetaka rangi mpya apande mbegu. Maganda hutokea kwa jozi kama pembe, na huchukua miezi minane au zaidi kukomaa. Yafunge kwa soksi nyepesi au chandarua, maana yakipasuka mbegu zenye bawa hupeperuka. Simamisha kila mbegu kwenye mchanganyiko uleule, upande mnene ukiwa chini na bawa likichungulia juu. Hapa, tofauti na tawi, udongo uwe na unyevunyevu wakati wote hadi miche itoke, baada ya wiki moja hadi tatu. Ikifikisha jozi tatu za majani, igawe kila mmoja na chungu chake.